Mvua Ipo, Mto Umejaa, Mbona Ningu Hawapandi?

SWALI: Habari zenu hapo gazetini. Mimi niko Bunyala, karibu na pale mto Nzoia unaingia Ziwa Victoria. Wazee wetu husema zamani mvua ya Aprili ikianza tu ningu wanapanda mto mpaka watoto wanawashika na vikapu. Sai mvua tunapata, hata mafuriko tunapata, lakini ningu ni wa kuhesabu. Kwani hao samaki hujuaje saa ya kupanda imefika? Na ni kweli mbuta (sangara), yule samaki mkubwa anayekula wengine, ndiye aliwamaliza?
Msomaji, Bunyala

JIBU: Mbuta ana makosa yake mengi lakini hii kesi msimbebeshe peke yake, manake ningu walianza kupungua miaka ya 1950, na mbuta alikuja kujaa ziwani miaka ya 1980. Kilichotangulia ni nyavu. Ningu wakiwa na mayai hukusanyika mdomoni mwa mto wakingoja maji, sasa nyavu za nailoni zilipoingia watu wakazitega palepale, wakawa wanavua mama kabla hajataga, msimu baada ya msimu, unategemea watoto watoke wapi?

Sasa hilo la kujua saa. Samaki haangalii mawingu, mwili wake unakuwa umeshajiandaa mapema, mayai yameiva, kinachobaki ni mto kumpa ishara. Maji yanapanda, yanaenda kasi, yanabadilika rangi yakawa ya udongo, joto lake linashuka kidogo, na yanabeba harufu ya nchi kavu iliyoloa huko juu. Hayo yote yakija pamoja ningu anageuza kichwa anapanda, na wengi hupanda usiku. Hayo maji machafu pia yanamsaidia asionekane na wanaomuwinda.

Lakini watu hufikiria safari ni ya mtoni tu. Ningu anatafuta nyasi! Anataka pale mto umemwagika nje ya kingo, maji kidogo, yametulia, ndio anataga, halafu yeye anarudi zake haraka na watoto wanabaki wakila vijidudu kwenye yale majani mpaka maji yaanze kushuka, nao wanashuka nayo. Kwa hiyo mto kujaa siku mbili haitoshi. Lazima ujae, ukae, halafu ushuke polepole. Huko juu, Cherang'any na Elgon, misitu ikikatwa na mashamba kulimwa mpaka ukingoni, maji ya mvua yanateremka yote kwa mpigo, mto unafura leo na keshokutwa umeshuka, mayai yanabaki kwenye nyasi kavu. Ndio maana mnaweza kuwa na mafuriko ya kubomoa nyumba na bado msipate samaki.

Halafu kuna yale matuta ya kuzuia mafuriko hapo kwenu. Siwezi kuwaambia myabomoe, nani anataka kulala kwenye maji, lakini ukweli ni kwamba tuta likisimama kati ya mto na uwanda, ningu amefika mlangoni akakuta kumefungwa.

Fwani, samaki mwingine wa ziwa anayepanda mto kutaga, naye ni tofauti kidogo, yeye hupanda mbali zaidi akitafuta changarawe na maji yanayokimbia. Adui yake ni tope, likitua juu ya changarawe mayai yanakosa hewa.

SWALI: Huku Ahero mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi tunakuta kambare kwenye mashamba ya mpunga, hata barabarani. Kuna jirani anasema huanguka na mvua. Ni kweli?
Msomaji, Ahero

JIBU: Hapana, mwambie jirani wametembea. Kambare ana kiungo cha ziada juu ya matamvua kinachomwezesha kupumua hewa ya kawaida, kwa hiyo nyasi zikiwa zimeloa anaweza kujiburuta akisukuma kwa ile miiba ya mapezi ya kifuani. Anafuata maji mapya yaliyofunika majani ili atage, na mayai yake yanaanguliwa haraka, kama siku moja hivi au moja na nusu maji yakiwa na joto. Hiyo haraka ndiyo inamfanya aweze kuishi na mto wa kujaa na kukauka ghafla kuliko ningu. Shida yake huko kwenu ni mtu akifungulia maji ya shamba yatoke kabla vifaranga hawajapata nguvu ya kuyafuata.