Andika ngitili, usiandike pori

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema kwenye fomu ya hatimiliki ya kimila kuna mahali pa kujaza matumizi ya ardhi, na hujui eneo letu la kule bondeni uliite zizi, boma au pori. Andika ngitili. Karani akitaka maelezo, ongeza: malisho ya akiba ya kiangazi.

Zizi ni pale ng'ombe wanapolala, ndani ya uzio wa minyaa karibu na nyumba. Boma lina mambo mengi: kwa Wamasai ni makazi ya familia pamoja na mifugo yake, na tangu enzi za Wajerumani ni ofisi ya serikali pia, ndiyo maana miji mingi ina mtaa wa Bomani.

Ngitili ni kitu kingine. Mvua zikianza, Novemba hivi, mifugo yote hutolewa humo ili majani yakue. Kiangazi kikikaza, Julai au Agosti, inafunguliwa, tena kipande kwa kipande. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wa kukamuliwa na maksai, maana maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua za kwanza zikinyesha. Usishangae wapimaji wakisema hawaoni uzio. Ngitili nyingi hazina waya wala miiba. Mpaka unajulikana, na anayeingiza ng'ombe kabla ya wakati hukutana na sungusungu na kutozwa faini.

Hilo neno pori ndilo linalonitia hofu. Ukiliandika, kesho atatokea mtu aseme ardhi hii haina kazi, igawiwe. Shinyanga yetu imeshaumia kwa fikra hiyo. Wakati wa ukoloni miti ilifyekwa ili kumaliza mbung'o, pamba ikafuata, kisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao, nyingi zikaharibika. Serikali ilipoanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa yapata hekta 600 tu. Mpango ulipokwisha mwaka 2004 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta. Na sehemu kubwa haikupandwa! Watu walifunga maeneo yao, visiki vilivyokuwa hai ardhini vikachipua. Leo humo tunapata kuni, majani ya kuezekea, dawa na asali.

Kaka yako anataka sehemu ya chini tulime mpunga. Mama yako na mimi hatukubali. Mwaka wa ukame mpunga utakauka, na ng'ombe tutawauza kwa bei ya kutupa kwa kukosa majani.

Wapimaji wakija nitawaonyesha mipaka mwenyewe, na wazee wawili majirani wamekubali kuwa mashahidi. Fomu ukishaijaza itume kabla ya mkutano wa kijiji, niisome ndipo nitie sahihi.

Baba yako