Mofini ya mgongoni baada ya opresheni

SWALI: Dokta, mama anapasuliwa tumbo wiki ijayo na wamesema watamwekea mofini (dawa kali ya maumivu) kwa mrija mgongoni, eti inaweza kumkata pumzi usiku, ni kweli?

JIBU: Kweli, ila ni mara chache. Shida ya mofini ni kwamba inapanda polepole na maji ya uti wa mgongo mpaka kwenye ubongo, so pumzi inaweza kupungua masaa mengi baadaye akiwa kalala zake, ndo maana nesi anatakiwa kuhesabu pumzi na kuangalia kama anaamka, kila saa kwa masaa 12 ya kwanza, halafu kila masaa 2 mpaka 24. Ukiona haamki vizuri, ita nesi hapohapo, kuna dawa inaitwa naloksoni, inaizima hiyo mofini. Kuwashwa pua, kichefuchefu, mkojo kugoma, hayo yanakera tu. Dawa zake za usingizi za nyumbani asimeze kimyakimya, hizo ndo naziogopa zaidi, maana zikikutana na mofini pumzi inazidi kupungua.