Jibu: Kile kiduara kwenye dirisha la tagi (meli ndogo ya kuvuta meli kubwa) ni nini, na nikiweke vipi kwenye modeli ya 1:24?

Mkuu, hilo si tundu la hewa. Ni kioo kinachozunguka. Mota ndogo ya umeme inakizungusha kwa kasi, kama mizunguko 1,500 kwa dakika, hivyo tone la mvua au la wimbi likigusa tu linarushwa pembeni kabla halijatanda. Wipa hufuta na kuacha michirizi, hiki hakiachi. Hataza yake ni ya Uingereza, 1917.

Sasa modeli. Kioo halisi cha milimita 300 kwa uwiano wako kinakuwa 12.5. Viringisha waya mwembamba wa shaba kwenye kijiti cha keekee cha milimita 11.5, maana ukiuachia unafunguka kidogo, halafu kata pete moja, ndiyo fremu ya kioo. Ipake rangi kabla ya kuibandika. Kitovu ni kiduara kidogo cha plastiki, na kama mota yake iko katikati, pitisha kwa ndani ufito mwembamba wa kuishikilia.

Gundi tumia ile nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani. Supagluu usithubutu! Mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Mimi niliharibu dirisha zima usiku wa manane, nikaanza upya.

Weka kimoja tu, mbele ya mshika usukani. Ukijaza madirisha yote tagi itafanana na jiko la gesi. Na usihangaike kukizungusha, kwa kasi ile hata cha kweli huonekana kimetulia.