Kubadili oili na filta ya pikipiki ya Boxer 150 nyumbani

Kaka, umeuliza kama unaweza kubadili oili na filta ya Boxer 150 mwenyewe, na unaogopa kuua meno ya nati ya chini, ile ya kumwagia oili. Unaweza kabisa. Hofu yako ni ya kweli lakini, maana pale nati inaingia kwenye aluminiamu, na aluminiamu ni laini.

Washa injini dakika chache oili ilegee, zima, simamisha kwa stendi kubwa, fungua nati ya chini, mwagia oili kwenye beseni. Kabla ya kutoa filta, angalia ilivyokaa ili mpya uiweke vilevile. Oringi (ile pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje) ikiwa imechoka, badilisha. Nati irudishe kwa vidole kwanza. Ikigoma usilazimishe kwa spana, itoe uanze upya. Ikishika, kaza kiasi tu.

Nunua oili ya pikipiki, 20W-50 (ndio uzito wa oili) yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Nakusihi usiweke ya gari: klachi yako inaogelea kwenye oili hiyohiyo, inaweza kuanza kuteleza. Jaza hadi kati ya alama mbili za kipimo cha oili.

Nati ikizunguka bila kukaza, usiwashe. Mwite fundi achonge meno mapya. Oili chafu itie kwenye dumu uipeleke gereji, usiimwage mtaroni.