Tulipita Handaki Zima Bila Kuona Mwanga

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Sydney na familia yangu, lakini nilikulia Kigoma, ambako kufukuza vimulimuli ulikuwa mchezo wetu wa jioni. Mwaka jana tuliwapeleka watoto wetu wawili kwenye lile handaki la reli ya zamani lililo karibu na Newnes, linalosifiwa kwa wadudu wake wanaong'aa. Kila mmoja wetu alibeba tochi kali, tukatembea hadi upande wa pili, na hatukuona chochote ila mawe na maji. Je, wadudu hao wamekwisha, au wana msimu wao kama vimulimuli wa kwetu? Watoto wanataka turudi.
Mama wa wawili, Sydney

JIBU: Dada mpendwa, wadudu hao hawajakwisha, wala hawana msimu wa kuzimika kabisa, kwa kuwa hung'aa mwaka mzima. Ninavyoielewa barua yako, mlipita chini yao huku tochi zenu zikiwazima.

Kwanza tuwatenganishe na vimulimuli wa Kigoma, maana udugu wao ni wa mwanga tu. Kimulimuli wetu ni wa jamii ya mbawakawa, na humweka akiruka ili kutafuta mwenzi. Wale wa Newnes, ambao wataalamu huwaita Arachnocampa richardsae, ni mabuu ya visubi wa uyoga, yaani wako upande wa nzi na mbu, na jamaa zao wa karibu wanapatikana Australia na New Zealand peke yake. Buu hutengeneza kitanda cha hariri kwenye dari la mwamba, kisha huning'iniza nyuzi nyembamba zilizojaa matone yanayonata. Ncha ya mkia wake hutoa mwanga wa buluu unaoelekea kijani, mwanga unaozalishwa ndani ya mirija ambayo kwa wadudu wengine kazi yake ni kutoa taka mwilini. Mdudu mdogo anayeruka gizani huufuata mwanga huo, hunasa kwenye uzi, naye buu huuvuta uzi juu na kumla. Maisha ya kula ni haya ya ubuu, ambayo huchukua miezi mingi. Akishapata mabawa hali tena, naye huishi siku chache tu za kuzaana.

Mtego wa namna hiyo unataka mambo matatu: giza, unyevu na hewa tulivu, kwa sababu upepo hufunga nyuzi mafundo na ukavu huzikausha. Hapo ndipo reli inapoingia katika habari hii, na kwangu mimi ndipo penye uzuri wake wote. Njia hiyo ya kilomita 50 hivi ilijengwa mwaka 1906 na 1907, chini ya usimamizi wa mhandisi Henry Deane, ili kufikia machimbo ya mawe yenye mafuta katika bonde la Wolgan. Ili treni ziweze kushuka katika korongo lile jembamba, handaki la pili la njia hiyo, ambalo ndilo mlilopita, lenye urefu wa mita 400 hivi, lilichimbwa likiwa limepinda sana, hata mtu akisimama katikati yake haoni mlango alioingilia wala ule wa kutokea. Biashara ya mafuta haikudumu, na mwaka 1932 treni zikaacha kupita. Baadaye vyuma vya reli viling'olewa, kijito kikapita ndani, mikangaga mirefu kama miti ikaota milangoni, na pinda lile lililochongwa kwa ajili ya treni likabaki likizuia jua na upepo.

Buu akimulikwa hupunguza mwanga wake hadi kuzimika, na hachangamki mara tu tochi inapogeuzwa kwingine. Kwa hiyo safari hii chukueni tochi ndogo, mzielekeze chini kwenye miguu yenu tu, kwa kuwa sakafu ina mawe na utelezi na hakuna taa nyingine humo ndani. Mkifika katikati, simameni, shikaneni mikono na watoto, kisha zimeni zote. Subirini dakika kumi bila kuzungumza. Nakuomba usiipunguze subira hiyo hata watoto wakilalamika, kwani macho yenu pia yanahitaji muda wa kulizoea giza. Msiguse kuta, maana huko ndiko nyuzi zilikoning'inia, na uzi uliokatika ni chakula kilichopotea. Msivute sigara, msijipulizie dawa ya mbu kabla ya kuingia, na simu zikae mifukoni, kwa sababu mwako wa kamera utawazima kama zilivyofanya tochi zenu.

Eneo hilo limo katika Hifadhi ya Taifa ya Wollemi, na barabara zake za milimani huweza kufungwa baada ya mvua kubwa au moto, hivyo ulizeni ofisi ya hifadhi kabla ya kuondoka nyumbani. Vaeni viatu visivyoogopa maji.

Giza likishatulia, mtaanza kuona nukta moja, pengine mbili, pembeni mwa dari. Hapo msitembee bado. Nyingine zitafuata.