i5-2500K ya 4.5 GHz inazima ovyo: angalia inazima ikiwa inafanya nini

Mkuu, nimesoma maelezo yako mara mbili. Prosesa yako ya Intel i5-2500K umeipandisha juu ya kasi ya kiwandani: kizidisho 43 mara mapigo ya msingi 104 MHz, karibu 4.5 GHz, imetulia miaka, na tangu mwezi uliopita inakupiga skrini ya bluu au inajiwasha upya bila kuaga. Wadau hapo juu wameshaizika prosesa. Mimi bado sijabeba jembe. Ninayo kama hiyo, niliinunua mtumba, na ilinitesa wiki tatu kwa kosa nililolifanya mwenyewe ndani ya BIOS, zile setingi za msingi za mashine.

Kabla ya yote, rudisha kila kitu kwenye kasi ya kiwandani, 3.3 GHz, na RAM nayo ishuke kwenye kasi ya 1333. Itumie siku mbili tatu kama kawaida. Ikizima hata hapo, mchawi si kasi, na hakuna volti utakayoongeza ikakusaidia. Najua inauma kurudi nyuma, lakini bila hilo utakuwa unapapasa tu.

Sasa yangu. Ilikuwa 4.4 GHz. Nikiipa Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa mzigo, inasaga saa nane, joto nyuzi 70 na kitu, haitikisiki. Nikiiacha ipumzike nikaenda kuchemsha chai, narudi nakuta bluu, namba ya kosa 0x124. Nikabadilisha pesti ya joto juu ya prosesa, nikapuliza vumbi, nikahamisha RAM kutoka tundu hili kwenda lile. Wapi!

Kilichonifumbua macho ni kuacha CPU-Z, programu inayoonyesha kasi na volti za prosesa, wazi na kuitazama mashine ikiwa haina kazi. Prosesa hizi zikikosa kazi hushuka zenyewe mpaka 1.6 GHz, na volti hushuka nazo. Mimi LLC, ile setingi inayozuia volti kuporomoka prosesa ikibebeshwa mzigo, nilikuwa nimeipandisha mno. Volti za mzigoni zikapaa, nikazikata kwa ofseti, yaani nyongeza au punguzo la volti, ya -0.05. Mzigoni mambo yakawa safi, volti 1.31. Ila ofseti haichagui: ile -0.05 ilikatwa na mapumzikoni pia, nikawa naona 0.91. Prosesa inasinzia na njaa, ikishtuliwa ghafla inaanguka. Nikairudisha ofseti sifuri, LLC nikaishusha ngazi moja. Mzigoni ikabaki 1.31 ile ile, mapumzikoni ikapanda 0.96. Bluu ikakoma siku hiyo hiyo.

Ndiyo maana nakuuliza: yako inazima ikiwa inafanya nini? Umesema tu “muda wowote”, na hiyo hainitoshi. Ikizima katikati ya gemu, fikiria joto, volti ndogo au pawa saplai. Ikizima imekaa kimya, fikiria yaliyonikuta. Ikigoma asubuhi unapoiwasha kisha ikikubali mara ya tatu, mimi ningeanza na kapasita za pawa saplai zilizochoka. Kama una maltimita, pima waya wa njano na mweusi kwenye plagi ya Molex mashine ikiwa na mzigo: chini ya volti 11.4 haikubaliki. Sanduku lenyewe la pawa saplai usilifungue, kapasita za ndani hubaki na chaji hata ukishachomoa.

Na zile namba za kwenye bluu ziandike, usizipuuze. Kwa kizazi hiki, 0x101 mara nyingi ni prosesa inalia volti. 0x124 ni pana zaidi, lakini volti ndiyo ya kushuku mwanzo. Ukiona 0x1A, choma Memtest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uache izunguke usiku mzima, kijiti kimoja kimoja. Ile “Kernel-Power 41” uliyoibandika kutoka kumbukumbu za Windows, jina hilo peke yake halikuambii chochote zaidi ya kwamba mashine ilizimika vibaya, jambo ambalo ulishalijua.

Halafu hiyo 104, mkuu, iondoe leo. Kwenye Sandy Bridge, kizazi cha prosesa yako, mapigo ya msingi yanaburuza PCIe na SATA, njia za kadi na za diski, pamoja nayo, na diski inaweza kukuandikia mafaili mabovu kimyakimya. Kizidisho 45 kwa 100 kinakupa 4.5 halisi bila kumgusa mwingine. Prosesa yenyewe ni ya kizazi cha 2011, na kama miaka yote imekula volti nyingi, inawezekana kweli sasa inahitaji kidogo zaidi kwa kasi ile ile. Mimi yangu sasa nimeiacha 4.2 na sioni tofauti kwenye gemu.

Kuhusu kununua mazabodi nyingine, subiri kwanza. Tazama kama kapasita karibu na prosesa zimevimba vichwa, na ubadilishe betri ya CR2032, ile ya duara inayotunza setingi za BIOS. Ikifa, umeme ukikatika ukutani setingi za BIOS zinarudi zilikotoka na wewe hujui. Ukishamaliza siku zako za 3.3, tubandikie picha ya ukurasa wa volti ndani ya BIOS na utuambie ilizima ukiwa unafanya nini.