Re: Askari anaweza kunilazimisha nifungue simu asome meseji?

Mkuu, umeuliza kama yule askari aliyekusimamisha Kariakoo alikuwa na haki ya kusoma WhatsApp yako. Anzia Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania ya 1977: inataja waziwazi hifadhi ya "mawasiliano yake binafsi". Si maisha na nyumba tu, hata meseji za shemeji yako zimo.

Ila usiishie hapo ukaenda kubishana naye. Ibara hiyohiyo, kifungu kidogo cha pili, inaruhusu sheria kuweka utaratibu wa kuingilia faragha, na Ibara ya 30 nayo inazibana haki zote. Ndiyo maana muulize kwa upole: natuhumiwa nini, na unatumia sheria gani? Andika jina lake, namba na saa.

Kushtaki unaweza, Ibara ya 30(3) inakupeleka Mahakama Kuu. Mabadiliko ya 2020 ya sheria ya kudai haki hizi mahakamani yaliweka sharti la kuapa kwamba wewe mwenyewe umeathirika. Kwako hilo si tatizo, simu ilikuwa yako.

Halafu aliyesema hapo juu kuwa haki hizi tunazo tangu uhuru, hapana. Ziliingizwa kwenye Katiba 1984.